Vyombo vya Zamani vya Simu ya Upepo: Tunu au Chuma Chakavu?

Baina ya vitu ambavyo wazee wetu wametuachia majumbani hapana kilichodharauliwa kama redio ya zamani. Kitanda cha samadari kinajulikana thamani yake. Mlango wa nakshi hapana asiyejua kuwa watu hutoka mbali kuja kuutaka. Jambia la fedha huhifadhiwa sandukuni. Ama redio ile ya mbao iliyokuwa ikisikilizwa barazani, au kile chombo cha chuma chenye vifundo vingi kilichoachwa na mgeni aliyehama, hicho hutiwa uvunguni mpaka apite mnunuzi wa vyuma chakavu, kikapimwa kwa kilo pamoja na sufuria zilizotoboka.

Tumeona yafaa tuandike habari ya vyombo hivi kwa sababu mbili. Ya kwanza, baadhi yake vina thamani ambayo wenyewe hawaijui, na kutojua thamani ya mali ni mlango wa dhulma, hasa mali hiyo ikiwa ni ya warithi. Ya pili, ndani ya vyombo hivyo imo elimu ambayo vijana wetu wangeweza kuisoma kwa mikono yao wenyewe, wala hawaisomi kwa kuwa hapana aliyewaambia kuwa imo.

HABARI ZILIVYOKUWA ZIKIFIKA BAGAMOYO

Mtu wa Dunda, katika mji wa Bagamoyo, hana haja ya kwenda mbali apate kujua jinsi habari zilivyokuwa zikisafiri. David Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, akina Susi na Chuma, waliuchukua mwili wake kwa miguu mpaka pwani, nao wakawasili Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Yaani jambo lililotokea bara lilichukua miezi tisa kufika kwetu na ushahidi wake. Huo ndio uliokuwa mwendo wa habari katika zama za misafara.

Miaka michache baadaye, mwaka 1879, waya wa simu ulitandazwa chini ya bahari kutoka Aden mpaka Unguja, na mwaka 1890 waya mwingine ukaunganisha Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam. Basi Bagamoyo ikawa miongoni mwa miji ya mwanzo ya mrima kupata habari za ulimwengu kwa muda wa saa badala ya miezi. Lakini waya una mwenyewe, na mwenyewe ni serikali au kampuni. Mtu wa kawaida alikuwa akilipa kwa hesabu ya maneno.

Tarehe 12 Desemba 1901 Guglielmo Marconi, kwa kauli yake, akapokea herufi moja ya alama za Morse iliyopita juu ya bahari ya Atlantiki pasi na waya wowote. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa simu ya upepo, kwa kuwa watu waliona maneno yanakuja na hapana kinachoyachukua. Afrika ya Mashariki ilianza kusikia matangazo ya redio kutoka Nairobi mwaka 1928, lakini hayo yalikuwa kwa ajili ya masetla. Waswahili walingoja. Mwaka 1951 ndipo zilipoanza Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja. Mwaka 1954 Redio Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili. Na tarehe 27 Juni 1957 BBC ikafuata. Shirika la Utangazaji la Tanganyika liliundwa mwaka 1956, na mahali pake pakachukuliwa na Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965.

Wazee wetu hawakuichukulia redio kuwa ni mchezo. Kwayo walisikia Kurani ikisomwa na masheikh wa Misri ambao wasingaliwaona maishani mwao. Kwayo walipata habari za mwandamo wa mwezi, na mabishano juu ya habari hizo hayajakwisha mpaka leo. Kwayo walisikia uhuru ukitangazwa mwezi wa Desemba 1961. Aliyekuwa na redio alikuwa hana baraza yake peke yake, kwani jirani wote walikuwa na haki ya kusikiliza.

WATUMAJI WA RIDHAA NI WATU GANI?

Mpaka hapa tumetaja redio za kupokea tu. Lakini tangu mwanzo wa karne ya ishirini wako watu wenye shauku waliotaka si kusikia tu, bali na kusema. Hao ndio watumaji wa ridhaa: watu wanaotuma na kupokea kwa redio bila ya kulipwa, bila ya kutangaza biashara, kwa ajili ya kujifunza, kujaribu vyombo na kujuana na watu wa mbali. Kila mmoja wao hupewa leseni na serikali yake, na pamoja na leseni hupewa alama ya wito, yaani jina la herufi na tarakimu analojulikana kwalo hewani.

Watu hawa ndio waliogundua jambo kubwa. Serikali na makampuni yalishika masafa marefu, wakidhani kuwa masafa mafupi hayafai kwa safari ndefu, na masafa hayo mafupi yakaachiwa watu wa ridhaa kama mtu anavyoachiwa makombo. Mwezi wa Desemba 1921 Mmarekani Paul Godley alikaa katika hema huko Ardrossan, Scotland, akazisikia alama za watu wa ridhaa wa Marekani kutoka ng'ambo ya bahari. Mwezi wa Novemba 1923 Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, akazungumza kwa Morse na Fred Schnell wa Connecticut, mmoja akituma na mwingine akijibu. Makombo yakawa ndiyo karamu. Mwaka 1925 umoja wao wa ulimwengu ukaundwa huko Paris, nao upo hata leo.

Sababu yake ni hii. Juu ya ardhi, baadhi ya kilomita mia na kuendelea, kuna tabaka za hewa ambazo jua huzitia umeme. Mawimbi mafupi hupanda, yakafika huko, yakarudishwa chini kama mpira unavyorudishwa na ukuta, yakagonga ardhi au bahari na kupanda tena. Ndiyo maana usiku redio za mbali husikika na mchana zikapotea, na ndiyo maana kila baadhi ya miaka kumi na moja, madoa ya jua yanapozidi, masafa haya husafiri vizuri zaidi. Mtu wa pwani ana bahati ya nyongeza: maji ya chumvi hupitisha umeme vyema kuliko mchanga mkavu, na nguzo ya eriali iliyosimamishwa karibu na maji hutuma mawimbi yake chini chini mpaka mbali sana. Ufuo wa Bagamoyo ni mahali pa kutamaniwa kwa kazi hiyo.

Katika nchi zetu alama za wito zina historia yake. Zama za Waingereza, Unguja ilikuwa VQ1, Tanganyika VQ3, Kenya VQ4 na Uganda VQ5. Baada ya uhuru na Muungano, Tanzania Bara ikawa maarufu kwa 5H3 na Unguja kwa 5H1, Kenya ikapata 5Z4 na Uganda 5X5. Watumaji wawili wakisha kuzungumza hupelekeana kadi ya posta yenye alama zao, tarehe, saa na masafa, iwe ushahidi wa mazungumzo yao. Kadi yenye VQ1 haiwezi kuchapwa tena kwa kazi ya kweli, kwa kuwa alama hiyo imekufa. Na walioitumia walikuwa wachache. Kipande hicho cha karatasi, ambacho mtoto angekifanya kikuti cha kuchezea, hutafutwa na wakusanyaji kama stempu za zamani zinavyotafutwa.

Wala watu hawa si wa Ulaya na Marekani tu. Mfalme Hussein wa Jordan, aliyefariki mwaka 1999, alikuwa mtumaji mashuhuri kwa alama JY1, na watu wa kawaida katika ulimwengu mzima walipata kuzungumza naye pasi na itifaki ya kifalme. Mwezi wa Desemba 2018 setilaiti ndogo yenye jina la JY1 ilirushwa kwa kumkumbuka. Huko Oman, walikojaa ndugu zetu wasemao Kiswahili, jumuiya ya kifalme ya watumaji wa ridhaa iliundwa mwaka 1972, na Sultani Qaboos mwenyewe, aliyefariki Januari 2020, alikuwa na alama ya wito.

VYOMBO VYENYEWE

Sasa tuje katika vyombo. Mwenye kutaka kujua alicho nacho yampasa kwanza atambue makundi.

Kundi la kwanza ni redio za nyumbani, za kusikilizia matangazo. Za kale zaidi zina vali, yaani zile chupa ndogo za kioo zinazowaka wekundu ndani, na kioo cha mbele kilichoandikwa majina ya miji. Kwa watu wa mashamba wasio na umeme iliundwa mwaka 1949 redio moja mashuhuri kwa ajili ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Kiwanda cha Ever Ready kiliiweka katika sufuria ya alumini iliyopakwa rangi ya buluu, ikaenda kwa betri kavu, na bei yake ikawa paundi 5. Watu wakaiita redio ya sufuria. Baadaye ikaja transista, iliyovumbuliwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1947, na redio ya kwanza ya transista ikauzwa mwaka 1954. Hapo ndipo redio ilipoingia mkobani. Kwetu Tanzania redio za Philips zilitengenezwa Arusha, na redio za National pamoja na betri zake Dar es Salaam.

Kundi la pili ni vipokeaji vya masafa mafupi walivyotumia watu wa ridhaa, mabaharia, wamisionari na maofisa. Hivi havina urembo mwingi: ni sanduku la chuma lenye rangi nyeusi au ya kijivu, gurudumu kubwa la kutafutia masafa, na vifundo vingi. Maarufu ni Eddystone za Birmingham, Hallicrafters za Chicago, National za Marekani ambazo si hizo za Kijapani, na RCA AR88, chombo cha kilo 45 hivi, ambacho kibarua mmoja hakibebi kwa raha.

Kundi la tatu ni vyombo vya vita. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha mwaka 1945, majeshi yalibakiwa na vyombo vingi mno, yakaviuza rahisi, na watu wa ridhaa wakavinunua na kuvigeuza kwa kazi ya amani. Mashuhuri ni ile redio namba 19 ya vifaru vya Waingereza. Ukiona chombo chenye maandishi ya Kiingereza na ya Kirusi pamoja, usidhani ni cha kijasusi. Redio namba 19 nyingi ziliandikwa hivyo kwa sababu zilipelekwa pia kwa Warusi waliokuwa upande mmoja na Waingereza.

Kundi la nne ni vitumaji, navyo ndivyo adimu kwetu. Kati ya mwaka 1947 na 1948 msafiri Attilio Gatti aliongoza msafara wa Afrika ya Mashariki mpaka milima ya Ruwenzori, akiwa na vyombo vya Hallicrafters na watumaji wawili wa ridhaa, Bob Leo na Bill Snyder, wakazungumza na ulimwengu kutoka porini. Kitumaji cha namna waliyoichukua kilianza kuwa chombo cha watu wa ridhaa, kisha jeshi la Marekani likakichukua na kukiita BC-610. Uzito wake ni takriban kilo 180. Juu ya vyote wakusanyaji huviweka vyombo vya Collins wa Iowa, kama vile KWM-2 ya mwaka 1959, iliyounganisha kitumaji na kipokeaji katika sanduku dogo, na ambayo bei yake ikiwa mpya ilipita dola 1,000.

Tena kuna vitu vidogo ambavyo watu hawavihesabu: kidude cha shaba cha kubonyezea Morse, maikrofoni, visikizio vya masikioni, vali ambazo hazijatumika zikiwa katika maboksi yake, vitabu vya mafundi, na madaftari ambamo mtumaji aliandika kila mazungumzo yake. Mara nyingi sanduku la makaratasi lina thamani kuliko redio iliyokaa juu yake.

THAMANI HUPIMWAJE?

Watu wengi hudhani kuwa kitu kikiwa cha zamani basi ni ghali. Hilo si kweli. Zamani peke yake si thamani. Jiwe la pwani ni la zamani kuliko vyote. Wakusanyaji hutazama mambo matano.

La kwanza ni uhaba. Hallicrafters S-38 iliuzwa mwaka 1946 kwa dola 39 na nusu, ikanunuliwa kwa wingi kupita kiasi. Leo ni ya zamani, lakini zipo nyingi, kwa hivyo bei yake haiendi mbali. Chombo kilichotengenezwa kidogo na kilichokuwa ghali tangu mwanzo ndicho kinachopanda.

La pili ni ukamilifu. Redio isiyo na kifuniko cha nyuma, au iliyopoteza kifundo kimoja na kikatiwa cha kizibo, imepungua sana. Sanduku lake la asili, waya wake na kitabu chake vikiwapo, imezidi.

La tatu ni uasili. Hapa ndipo watu wetu wanapojitia hasara kwa nia njema. Mtu hurithi redio ya mbao, akaikwangua kwa msasa, akaipaka vanishi ya samani ikang'aa, kisha akashangaa mnunuzi anapokunja uso. Chombo cha kale kikipakwa rangi mpya huwa kimefutwa sura. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu na brashi laini; zaidi ya hapo aulizwe ajuaye.

La nne ni hali. Je, kutu imeingia ndani? Je, mchwa wamekula mbao? Je, betri ilivuja? Kusema au kutosema kwa redio si hukumu ya mwisho, kwani nyingi zilizonyamaza hutengenezeka.

La tano ni nasaba, yaani habari ya chombo chenyewe: kilikuwa cha nani, kilinunuliwa wapi, kilifanya kazi gani. Stakabadhi ya duka, picha ya mwenyewe akikaa nacho, au karatasi ya leseni ya zama ambazo kumiliki redio kulihitaji leseni, hivyo vyote ni nasaba. Chombo chenye nasaba kinasemea mji wake. Kisicho na nasaba ni mfano tu wa vingine.

Kisha msomaji atenganishe baina ya bei inayotakwa na bei iliyolipwa. Muuzaji anaweza kutaka atakacho. Thamani ya soko ni ile ambayo mtu aliitoa mfukoni kwa kitu cha namna hiyo hiyo na hali hiyo hiyo. Na mwenye chombo Bagamoyo akumbuke kuwa wanunuzi wengi wako Ulaya, Marekani na Japani. Chombo cha kilo 45 hakisafiri bure. Basi bei ya huko itolewe gharama ya kufunga, ya meli na ya ushuru, ndipo abakiwe na bei yake ya hapa. Kwa hesabu hiyo, kitu kidogo chepesi kama kadi, kibonyezo cha Morse au vali mpya humletea mwenyewe faida kuliko sanduku kubwa.

Wala tusiwadanganye wasomaji wetu: redio nyingi za nyumbani tulizo nazo hazitamtajirisha mtu. Thamani yake ni ya ukumbusho na ya elimu. Lakini mtu hawezi kusema hivyo mpaka ametazama.

MIRATHI, BIASHARA NA AMANA

Jambo hili linaigusa dini yetu mahali patatu.

Kwanza ni mirathi. Mtu akifariki, mali yake yote huhesabiwa, madeni yake yakalipwa, wasia wake ukatekelezwa katika mpaka wa thuluthi, kisha warithi wakagawana kila mtu na fungu lake. Mali yote maana yake ni yote. Tuseme marehemu ameacha nyumba, minazi na sanduku la vyombo vya redio, na mtoto mmoja mwenye kukaa mjini akasema, "Hivi vyuma nitavichukua mimi, havina kazi." Pengine anasema kwa kutojua, na pengine anajua. Ikiwa hapana aliyevitia thamani, basi dada zake na mama yake wamenyimwa haki yao, nao hawajui kuwa wamenyimwa. Njia iliyo salama ni kuviandika vyote kimoja kimoja, jina la kiwanda na namba iliyopigwa nyuma, kupiga picha, kuuliza mafundi wawili wasiotaka kununua, kisha kugawana au kuachiana kwa ridhaa ya wote. Tumetaja mafundi wasiotaka kununua, kwa sababu mwenye kutia bei akiwa ndiye mnunuzi, mizani imekwisha kuinama.

Pili ni biashara. Ghishi imekatazwa, nayo ina milango miwili. Muuzaji anayejua kuwa ndani ya redio mmetiwa vitu vya bandia akanyamaza, ameghushi. Na mnunuzi mwenye elimu anayemkuta mjane asiyejua, akamwambia kuwa chombo cha thamani kubwa ni takataka ili apewe kwa bei ya chumvi, huyo naye asijidai kuwa ni hodari wa biashara. Faida si haramu, na mwenye elimu ana haki ya kufaidika kwa elimu yake; lakini uongo si elimu.

Tatu ni zaka. Vitu anavyoviweka mtu nyumbani kwa matumizi au kwa kuvipenda havitolewi zaka. Lakini mwenye kununua vyombo hivi kwa nia ya kuviuza, hivyo vimekuwa bidhaa. Vikifika nisabu na kupitiwa na mwaka, vitiwe bei ya siku hiyo na kutolewa robo ya ushuri, yaani mbili na nusu kwa mia. Na mwenye kukusanya kwa kupenda tu naye ajichunge na israfu. Mtu akiwa na redio thelathini ukutani na watoto wake hawana madaftari ya shule, huyo hakusanyi, bali anakusanywa.

KUVIHIFADHI NA KUJIHADHARI

Hewa ya pwani ni adui mkubwa wa vyombo hivi. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula chuma na kuozesha waya. Redio isiwekwe dirishani wala isiegemezwe ukuta wa mawe wenye unyevu. Iinuliwe kutoka chini kwa ajili ya mchwa, ifunikwe kwa kitambaa cha pamba na si kwa nailoni, kwa sababu nailoni hufungia jasho. Betri zote zitolewe kabla ya kuiweka. Ikaguliwe kila baada ya mvua za masika.

Lililo kubwa kuliko yote ni roho ya mtu. Redio ya vali ina umeme wa mamia ya volti ndani yake, na kitumaji chaweza kupita volti elfu. Ndani yake mna vitu viitwavyo kapasita, ambavyo hushika umeme kama mtungi ushikavyo maji. Hata waya ukiisha kutolewa ukutani, umeme unaweza kubaki humo na kumpiga mtu. Kwa hivyo watoto wasiachwe wafungue, na chombo kilicholala miaka mingi kisichomekwe kwa kutaka kukijaribu. Kapasita zilizozeeka hupasuka, na transfoma ikaungua, na kilichokuwa na thamani jana kikawa majivu leo. Apewe fundi, naye akiwashe kwa umeme mdogo mdogo akipandisha taratibu. Vyombo vingi vya Marekani vilitengenezwa kwa volti 110 hadi 117, na umeme wetu ni volti 230. Kukiunganisha moja kwa moja ni kukiua.

Tena baadhi ya vyombo vya vita vina mishale na tarakimu zilizopakwa rangi ya radi ili ing'ae gizani. Rangi hiyo ina sumu ya mnururisho, hata kama haing'ai tena. Isikwanguliwe, isipulizwe, wala kioo chake kisifunguliwe.

Na sheria nayo ikumbukwe. Kuwa na redio ya kusikiliza matangazo hakuna taabu, lakini kutuma hewani bila ya leseni ni kosa. Katika Tanzania leseni za ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa mwaka 2003. Mwenye kurithi kitumaji asikiwashe, bali aulize kwanza.

NENO KWA VIJANA

Baadhi ya vijana watasema: simu yangu ya mkononi inafika Marekani kwa kugusa kidole, nina haja gani ya sanduku la kilo 45? Jibu ni kwamba simu ya mkononi haifunguki ikakufundisha. Ndani yake kila kitu ni kidogo kuliko jicho. Ama redio ya vali, kila kiungo kinaonekana: hapa mawimbi yanaingia, hapa yanachaguliwa, hapa yanakuzwa, hapa sauti inatolewa. Mwanafunzi anayesoma habari za umeme shuleni kwa kuchora ubaoni angeielewa kwa siku moja mbele ya chombo kama hicho, akiwa pamoja na fundi.

Tena si lazima aanze na cha ghali. Kwa waya wa shaba uliozungushwa katika kopo, dayodi moja ya gerimani, kisikizio kinachofaa, eriali ndefu na waya wa kufukiwa ardhini, kijana anaweza kutengeneza redio isiyohitaji betri wala umeme, ikapokea kituo cha karibu cha masafa ya kati kwa nguvu ya mawimbi yenyewe. Ndivyo walivyoanza wengi katika watumaji tuliowataja.

Na familia zenye vyombo na zisizotaka kuviuza, tunawashauri waangalie mlango wa kheri. Chombo kinaweza kupewa shule ya ufundi, au nyumba ya makumbusho, pamoja na karatasi inayoeleza nasaba yake. Lakini kitolewe na wenyewe wote, na kitolewe kikiwa kinajulikana ni nini, kwa sababu mtu hawezi kukitoa sadaka kitu ambacho amekiita takataka.

Basi, ndugu zetu wa Dunda, wa Kaole, wa Mlingotini, wa Saadani na wa pwani yote, kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma chakavu, wainamie uvunguni. Watoe sanduku, wafute vumbi kidogo kidogo, wasome jina na namba, waandike, kisha wawaulize wazee wangali hai kilikuwa cha nani na kilisikika nini. Chombo kinaweza kungoja miaka mingine. Mwenye kukijua hangoji. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu katika mali tunazoachiwa, nyingi na chache, na awarehemu waliotuachia. Amin.